Prezidanti na Siku ya Katungu

Wakati nchi yetu ilikuwa na maprezidanti wengi kuliko madaraja mazima, mmoja Kinshasa, mmoja Goma, mmoja hapa kwetu Beni, na wengine porini waliojipa cheo asubuhi na kukipoteza kabla ya chakula cha mchana, sisi wa mlima mmoja wa Vuhovi tulikuwa na wetu. Huyo hakuwa na askari. Alikuwa na jembe la mpini mfupi, kikwembe cha kazi ambacho rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka, na sauti. Ile sauti! Akisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yake kuita watu kazini, nasema kweli, ilifika Kasindi na kuvuka mpaka bila kulipa ushuru wa douane.

Tulimuita Prezidanti. Jina lake la ubatizo liko parokiani, lile la mlimani wanalijua wenye umri wake, na mimi sitaandika hata moja, kwani katika miaka yote niliyolima pamoja naye sikusikia mutu akilitumia. Hata bwana yake aliyemuoa alisema, "Prezidanti, maji ya kuoga iko?" Na yeye alijibu, "Iko mu mutoni."

Alikuwa prezidanti wa likirimba yetu. Watu wa mjini wanajua likirimba ya makuta, ya pesa: kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anakamata yote, kesho mwenzake. Sisi makuta hatukuwa nayo, donc tulitoa migongo. Leo wote kwa shamba langu, kesho wote kwa shamba lako, mpaka mzunguko unaisha na kila mmoja amepata siku yake. Siku yako haiuzwi, na hakuna anayekuruka. Na siku yako wewe mwenyewe hauinami shambani hata kidogo. Unabaki nyumbani, unapika, unaletea watu chakula. Mwenye shamba akiinama siku yake, basi siku ile haihesabiwi. Imekuwa kazi ya nyumba tu, kama kufagia, na likirimba inabaki na deni lake vilevile. Sheria hiyo Prezidanti aliichunga kuliko padri anavyochunga tabernakulo.

Katika miaka yote aliyotuongoza, siku moja tu ilimshinda kuitoa, siku ya Katungu. Ndiyo iliyomla kidogo kidogo, kama mchwa unavyokula mlango: kwa nje unaona mlango mzima.

Wakati wake ulikuwa ule wa mvua, tangu mwezi wa tisa mpaka Noeli. Wakati wa jua alikuwa mama kama mama wengine, tena alisinzia katika misa na mdomo wazi. Mais mvua ya kwanza ikigusa vumbi, hapo ungemuona! Alitoka nje na kunusa kama mbwa wa kuwinda. Alipita mashambani akiingiza kidole katika udongo mpaka kwenye kifundo, akakilamba, akatema, akasema, "Bado," au akasema, "Kesho." Kwa nini alikilamba sijui mpaka leo. Nilijaribu mara moja, nikapata udongo mdomoni na basi.

Halafu kazi ilianza. Kulima, kupanda maharagi, kupalilia. Mwezi wa kumi kumbikumbi walianza kuruka. Siku ya Watakatifu Wote tulisafisha makaburi. Na katika mwezi wa kumi na mbili tulivuna. Mwaka wetu wote ulikuwa ndani ya miezi ile. Watoto wetu hata kuhesabu umri walihesabu kwa maharagi: huyu ana maharagi manne, yule ana maharagi matano.

Kuvuna maharagi kunataka umande. Mtu wa soko la Butembo hawezi kujua hilo. Yeye anaona gunia tu. Maharagi yaliyokauka ukiyang'oa jua likiwa juu, maganda yanapasuka mkononi, pa! pa! pa!, na mbegu zinaruka kama risasi. Kwa hiyo tuliingia shambani kukiwa bado na baridi ya kutikisa meno, majani yakiwa yameloa, na jua likipanda juu ya mikalitusi Prezidanti alisema "Acheni!" hata kama umebaki mstari mmoja. Kulikuwa na bibi arusi mpya aliyetoka Beni mjini. Huyo alitaka kuonyesha nguvu, akaendelea kung'oa mpaka saa ya joto. Nusu ya maharagi yalibaki chini. Prezidanti hakumtukana. Alimwambia tu, "Piga magoti, okota." Yule mtoto wa watu akaokota moja moja kama kuku, machozi yanatiririka. Sisi tulicheka mpaka tulipogeuka na kuona Prezidanti naye amepiga magoti upande wa pili anaokota, na hakusimama mpaka yule aliposimama. Ndivyo alivyokuwa. Alikuhukumu, halafu akafungwa pamoja nawe.

Ubahili wake wa chumvi, sasa! Na mapishi! Mungu anisamehe. Siku yake ilipofika tulikwenda kama watu wanaokwenda kufanya penitensia. Bugali lake lilikuwa na mabonge ambayo ungeweza kujengea msingi. Sombe yake, yale majani ya muhogo, ilikuwa na ladha ya mvua. Mtu akisema neno, alijibu, "Mulikuya kulima ama mulikuya arusi?" Na bado siku yake hakuna aliyekosa, kwani yeye hakukosa ya mtu yeyote. Aliwahi kuja kupalilia kwangu na homa inayomtetemesha, nikamwambia arudi, akasema, "Homa iko yangu, siku iko yako."

Mpishi wa mlima wetu alikuwa Katungu. Huyo angepika hata mawe, yangelika. Shamba lake lilipakana na la Prezidanti, na wale wawili hawakuwa wanasalimiana. Sababu ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa Prezidanti alikata kamba, akaingia kwa puaro za Katungu, vile vitunguu vya majani, akala mstari baada ya mstari kwa utulivu, nasikia hata alicheua akiwatazama watu machoni. Katungu akaja na kamba mkononi:

"Mbuzi yako imekula puaro yangu!"

"Mbuzi yangu ina adabu. Puaro yako njo iliingia mu kinywa yake."

Neno lile. Lingekuwa lingine, pengine wangecheka. Tangu hapo walipita njia moja kila mmoja akitazama mlima wake. Watoto wao walicheza pamoja, mabwana wao walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, katika chupa moja, lakini wao wawili, hapana.

Na sikiliza jambo la ajabu. Siku ya Katungu ilipofika, Prezidanti alikuwa wa kwanza shambani. Mistari yake kwa Katungu ilinyooka kuliko mistari ya shamba lake mwenyewe, ili Katungu asipate neno la kusema. Na siku ya Prezidanti, Katungu alilima kama ng'ombe wawili kwa sababu ileile. Uadui wao ulitupatia mavuno mazuri kuliko mbolea ya wazungu. Kisha Katungu alileta chungu: maharagi na ndizi, mafuta ya ngazi, yale ya mawese, yanang'aa juu. Prezidanti alipokea sahani bila kuinua macho, akala yote, akalamba vidole huku akitazama upande mwingine. Kumsifu hakumsifu hata siku moja. Lakini sahani yake haikuhitaji kuoshwa.

Niseme pia ya kumbikumbi, kwani hapo nilimuona jinsi alivyokuwa na wenye bunduki.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Ukitaka kumbikumbi watoke mchana, unafunika kichuguu kwa matawi na majani ya ndizi, unachimba kishimo pembeni, halafu watu wanakaa kuzunguka na kupiga vijiti chini taratibu, tktktk, tktktk, mpaka wadudu wanafikiri mvua imefika. Siku moja tulikuwa tunapiga hivyo, wote wa likirimba, tumechoka kupalilia, tunafurahi. Mara askari wakatoka katika mikalitusi wakikimbia, bunduki mbele. Walikuwa wageni, wametumwa kutoka mbali, na walikuwa wamesikia ngoma, wakadhani tunawaitia watu wa msituni.

"Eh, bamama! Bozosala nini awa?" mkubwa wao akauliza tunafanya nini pale, kwa Kilingala chake cha kambi.

Vijiti vyetu vikabaki hewani. Mimi nilikuwa tayari nimekufa mara tatu. Prezidanti hakusimama hata.

"Tuko tunadanganya badudu, commandant. Bafikiri mvua inanyesha, batoke."

"Mvua iko wapi?"

"Mvua ni sisi. Ikala chini, unatuharibia mvua."

Akakaa! Na bunduki yake magotini, akapewa kijiti, akapiga. Alipiga vizuri kuliko sisi. Kumbikumbi walipoanza kuporomoka katika kishimo, mabawa yanametameta, aliwaokota wabichi na kuwatia kinywani, akasema kwamba mama yake, kule jimbo la Ekwatere, alikuwa anapiga hivihivi. Akajifuta uso kwa kofia. Tulimjazia kofia hiyo, akaenda.

Wiki iliyofuata askari wake walikuja kuchukua kuku zetu, na yeye alikuwa pamoja nao, amesimama barabarani. Mmoja wetu alilia kwa uchungu, si kwa ajili ya kuku tu. Prezidanti akasema, "Mutu anaweza kulilia mama yake na kukula kuku yako. Mulifikiri nini?" Halafu akaongeza, "Maharagi haijue vita. Ikikauka, imekauka. Kesho ni kwa nani?"

Hilo lilikuwa neno lake la miaka yote ile. Kesho ni kwa nani? Risasi zililia upande wa Lubero, barabara ya Beni ilikatika, chumvi ilipotea, mapadri walihubiri amani mpaka sauti zikakauka, na yeye aliuliza hivyo tu. Sisi tulijua jibu, tulikwenda, na nadhani ndiyo sababu hatukupata wazimu.

Mpaka mwaka ule jibu lilipokuwa, "Kwa Katungu."

Mzunguko ulikuwa unaelekea mwisho, maharagi yamekauka vizuri, Noeli iko karibu. Katungu alikuwa ameamka kabla ya jogoo, tena yule jogoo mwenyewe alikuwa tayari katika chungu. Aliwasha moto, akapanga sahani. Tukafunga vikwembe vyetu, tunangoja kuitwa. Ndipo Prezidanti akapanda kichuguu chake na kuita:

"Leo hapana kazi! Kila mutu abakie kwake! Hapana kazi!"

Tukabaki. Siku ile hakuna aliyekuja, si askari, si watu wa msituni. Anga lilikuwa safi kama sahani. Katungu alikaa mlangoni karibu na chungu chake mpaka mafuta yakaganda. Kesho yake ilikuwa Dimanshi, siku ya misa, na Dimanshi hatulimi. Katungu alitoka peke yake na watoto kung'oa, akapata kidogo. Siku iliyofuata wenye bunduki walifika kweli, wengi, wakapiga kambi palepale kwenye shamba lake kwa sababu ni tambarare. Walilala juu ya maharagi, wakayachoma kwa kuotea moto, wakayapika, wakayapa punda. Sisi tulishuka Butembo na tulichoweza kubeba. Wengine walikuwa na gunia, wengine nusu gunia. Katungu alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria tupu kichwani.

Kule Mususa, mtaa wa Butembo, tulilala kumi na wawili katika chumba ambacho mbuzi wawili wangekigombania. Tulichangiana, lakini unajua kuchangiana kwa watu wasio na kitu. Mtoto wa mwisho wa Katungu alipata bwaki, ule ugonjwa wa njaa. Nywele zake zikageuka rangi ya majani makavu, miguu ikavimba, akaacha kulia, na mtoto akiacha kulia ndipo mama anaogopa. Tulimzika kabla ya Kwarezima. Prezidanti alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu wote. Katungu alimuona. Prezidanti hakusogea.

Hakuna aliyetamka kwamba maharagi yale yangemponya mtoto. Hakuna aliyetamka kwamba yasingemponya. Mais watu walisema mengine, chinichini, mitoni: kwamba Prezidanti alivunja siku ile kwa makusudi, kwa sababu ya mbuzi na puaro. Alisikia. Yeye aliyemwambia commandant akae chini, kwa hayo hakujibu neno.

Mimi ndiye niliyemuuliza. Ilikuwa baadaye, tumerudi mlimani, siku ya Watakatifu Wote. Desturi yake siku ile ilikuwa kumaliza makaburi ya watu wake haraka, halafu kwenda kusafisha yale ya wakimbizi waliokufa wakipita kwetu, wasio na ndugu wa kuwang'olea majani. Nilimfuata na panga langu. Tulikuwa wawili tu.

"Prezidanti," nikasema, "ile siku ulisikia habari kweli?"

Akaendelea kung'oa.

"Nilisikia. Mama moja wa upande wa Kasugho alipita kwangu asubuhi, mutoto mugongoni, kiatu hana. Akaniambia, banakuya na bunduki. Njo ile nilisikia."

"Basi haukufanya mubaya! Kwa nini hausemi kwa batu?"

"Ngoja. Haujasikia yote." Akakaa juu ya visigino. "Nilipanda kwa kichuguu, nikaita, leo hapana kazi. Na moyo yangu haikuuma. Unasikia? Ingekuwa siku yako, ingeuma. Ningetafuta njia. Ningesema, twende bachache, mumoja achunge barabara, tung'oe mistari ya juu. Kwa ile ya Katungu sikutafuta njia. Nilirudia mu nyumba, nikalala. Nililala muzuri, mwanangu."

Mimi ambaye nina neno kwa kila jambo, mimi niliyemaliza masomo ya jioni ya parokia nikiwa wa kwanza (ni kweli tulikuwa watatu), nikashika panga langu tena. Tukamaliza kaburi lile, tukaanza lingine.

Baada ya hapo kila mwaka, maharagi yakikauka, alikwenda kwa Katungu. Nyumba ya Katungu ni karibu na njia, kwa hiyo wote tulisikia.

"Nimekuya ju ya siku yako."

"Uko batu bangapi?"

"Niko mumoja."

"Siku yangu haikukuwa ya mutu mumoja. Rudia."

Katungu hakupiga kelele. Alisema hivyo kama mtu anayesema bei sokoni, akafunga mlango taratibu. Mwaka mwingine Prezidanti alikuja na binti yake na wajukuu, wote na vikwembe vimefungwa. Katungu akawatazama mmoja mmoja. "Hii ni famille. Haiko likirimba." Na likirimba yenyewe haikuwapo tena. Vita vya kwanza vilituacha, vya pili vilitutawanya. Tulijaribu kuanza upya, watu wakasema, tufute yale ya zamani, tuanze mzunguko mpya. Prezidanti akakataa. Mzunguko wa zamani haujaisha, alisema, umesimama kwa mlango wa Katungu. Hauwezi kuanza mwingine juu yake. Wengi walikasirika. Walimwita kichwa cha jiwe. Ni kweli kwamba kwa sababu yake tulikaa miaka bila likirimba, kila mmoja anavunjika mgongo peke yake kwa shamba lake, na hilo pia ni baya alilotufanyia, sitalificha. Alipenda haki mpaka ikawa mzigo juu yetu sisi ambao hatukuwa na deni.

Mwishowe miguu yake ilivimba, binti yake akamshusha Mususa akakae naye. Vita vilikuwa vimepunguza sauti. Nilishuka kuuza viazi, nikapita kumuona. Nilimkuta mlangoni anamenya njegere, amekuwa mdogo, kikwembe kinamzunguka mara nyingi. Nilitegemea tusalimiane, tuulizane ya watoto. Alisema:

"Kwa Katungu maharagi imekauka?"

"Inakauka, Prezidanti. Wiki hii."

"Batu betu babaki nani?"

Nikamtajia. Huyu yuko kaburini Beni, yule aliolewa Uganda, huyu ameingia kwa wale wa kanisa jipya na halimi tena na wakatoliki, yule anaendesha pikipiki. Zamani tulijaza mlima, ukitutazama kutoka mbali ungesema mlima unatembea. Sasa tulikuwa watu wa kujaza benchi.

"Benchi inatosha," akasema. "Ubaite. Mimi sauti imekwisha."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka, wengine walisema hiyo ni mambo ya wafu. Lakini walikuja, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna tena aliyekuwa anatuita mahali popote. Prezidanti alipanda kwa pikipiki jioni, amefungwa kwa dereva na kikwembe asianguke, akalala kwangu.

Alfajiri tulisimama kwenye ukingo wa shamba la Katungu. Likirimba haibishi hodi. Ikiwa ni siku yako, inaingia. Tukaingia. Majani yalikuwa yameloa, baridi ileile. Prezidanti hakuweza kuinama, akaketi chini, akashika mstari wa pembeni na kujisukuma kwa makalio, anang'oa, anakung'uta udongo, analaza, anajisukuma. Kila mara alitazama paa la Katungu. Mwenye siku akipika, siku imepokelewa. Hilo hata watoto wanajua. Moshi haukuwapo.

"Anapika?" akaniuliza.

"Bado."

"Bado hivi, ama hapana?"

"Bado tu, Prezidanti."

Tukaendelea. Hakuna aliyeimba. Zamani tungekuwa tunaimba, na kutukanana, na kusema bwana wa fulani anakoroma. Nilisikia tu mizizi ikitoka, na pumzi yake yeye. Juu ya mikalitusi kulianza kuwa na mwanga.

Mlango ukafunguka. Katungu akatoka. Mikononi hana chungu, hana kuni, hana kitu. Alikuwa amezeeka kama sisi wote, lakini alitembea wima, akipita kati ya mafungu tuliyolaza bila kuyakanyaga. Tukaacha kazi. Alifika mpaka kwenye mstari uliokuwa karibu na Prezidanti. Akafunga kikwembe chake. Akainama, akang'oa shina la kwanza.

"Katungu," Prezidanti akasema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina uso kwa uso tangu mbuzi. "Mwenye shamba hainame siku yake. Rudia upike."

"Sina cha kupika."

"Hata maji. Weka sufuria ya maji kwa moto, siku ihesabiwe. Nakuomba."

Katungu hakusimama. Aling'oa lingine, akalikung'uta juu ya goti.

"Siku yangu ilikufa," akasema. "Usinirudishie. Hii ni maharagi tu. Ng'oa, umande unaisha."

Prezidanti alibaki ameshika shina moja, halitoki, halirudi. Nikajua kwamba mbele yake kulikuwa na mambo mawili: kukataa, kama alivyokataa miaka yote, kwamba kitu hiki hakihesabiwi, au kukubali kwamba hakitahesabiwa kamwe, na kufanya kazi hata hivyo. Alitazama paa lile mara moja tena. Kisha akang'oa.

Waliendelea hivyo, mmoja ameinama, mmoja ameketi. Katungu, ambaye miguu yake ilikuwa mizima, alimtangulia haraka, akafika mwisho wa mstari wake chini kabisa karibu na njia. Tulidhani atarudi nyumbani. Alinyoosha mgongo, akatazama jua. Halafu akahamia mstari wa Prezidanti, kwa upande ule mwingine, akainama, akaanza kung'oa akipanda kuja kumpokea.